Utafiti Kando ya Kitanda: Malaria Kali kwa Watoto wa Mwambao wa Ziwa Mweru

Wauguzi wenzangu wa Nchelenge, nanyi mliovuka ziwa kutoka upande wa Kongo,

Mada niliyopewa ni namna ya kutumia ushahidi wa kitafiti kutatua matatizo ya wagonjwa wetu. Nimechagua tatizo moja tu, kwa sababu ndilo linalojaza wodi za watoto kila msimu wa mvua: malaria kali. Ushahidi wake hatuna haja ya kuutafuta mbali. Kituo cha Utafiti wa Magonjwa ya Tropiki cha Ndola na washirika wake wameichunguza malaria ya wilaya hii kwa miaka mingi. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya uchambuzi wa mafaili ya watoto waliolazwa kwa malaria kali katika Hospitali ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo ni dawa kuchelewa kuanzwa, na mtoto aliyepungukiwa sana damu kukosa kuongezewa. Dawa inapochelewa wodini, muuguzi ndiye wa kwanza kulijua hilo.

Ninalotaka kusema ni hili: kabla hatujaufuata utafiti wowote, tuulize ulifanyika wapi na mgonjwa alikuwa amezungukwa na huduma gani.

Chukueni suala la maji ya dripu. Kwa muda mrefu tulifundishwa kwamba mtoto anayefika na homa kali, hajitambui vizuri, mikono na miguu imepoa, amiminiwe haraka maji mengi ya mshipani. Mafundisho hayo yalijengwa katika hospitali zenye vyumba vya wagonjwa mahututi na mashine za kupumulia. Utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland na kuchapishwa mwaka 2011, ulilipeleka swali hilo katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania, zikiwamo Kilifi, Mbale na Muheza, ambako mashine hizo hazikuwapo. Watoto 3,141 waligawanywa makundi matatu. Waliomiminiwa maji kwa haraka, yawe ya chumvi au ya albumini, walifariki kwa kiasi cha asilimia 10.5 ndani ya saa 48. Wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Zaidi ya nusu ya watoto hao walikuwa na malaria. Wodi zile zinafanana na zetu, na ndiyo maana kwangu utafiti huu una uzito zaidi kuliko kitabu cha Ulaya.

Kuhusu damu, utafiti wa TRACT wa Uganda na Malawi, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kwamba mtoto mwenye upungufu mkali wa damu asiye na homa alinufaika na mililita 30 za damu kwa kila kilo, ilhali mwenye homa alikuwa salama zaidi kwa mililita 20. Nyuzi 37.5 ndizo zilizotenganisha makundi hayo. Basi joto linalopimwa kabla ya kutundika chupa ya damu lisiandikwe kwa kukisia.

Sasa dawa yenyewe. Mwaka 2010 utafiti wa AQUAMAT, wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, ulilinganisha artesuneti ya sindano na kwinini: vifo asilimia 8.5 dhidi ya 10.9. Mwongozo ukabadilika, na sote tunaijua kazi yake. Unga wa miligramu 60 unayeyushwa kwa maji yake maalumu, unatikiswa hadi uwe angavu kabisa, kisha unaongezwa mililita 5 za maji ya chumvi. Mtoto wa kilo 12, kwa miligramu 3 kwa kilo, anachomwa mililita 3.6 mshipani. Kilichobaki kinamwagwa baada ya saa moja. Dozi ya pili ni saa 12 baada ya ile ya kwanza, ya tatu saa 24 baada ya hiyo hiyo ya kwanza. Mtoto aliyeanza saa tisa alasiri anadai dozi yake saa tisa usiku, wakati muuguzi huenda yuko peke yake na wodi nzima. Mwongozo hauitaji saa hiyo, lakini hapo ndipo utafiti unapotimia au kuharibika.

Mfano unaonigusa zaidi ni artesuneti ya kuingizwa njia ya haja kubwa, inayotolewa kijijini kabla ya rufaa. Wilayani Serenje, hapa hapa Zambia, mradi wa mwaka 2017 hadi 2018 uliripoti vifo vya malaria kali kushuka kutoka asilimia 8 hadi 0.25. Kisha mradi wa CARAMAL ukaifuatilia dawa hiyo hiyo Kongo, Nigeria na Uganda, na vifo havikupungua. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likazitaka nchi zisimamishe kwanza upanuzi wake, hadi likatoa mwongozo mpya mwaka uliofuata. Dawa haikubadilika. Serenje kulikuwa na watu wa kujitolea waliofunzwa na baiskeli za kubebea wagonjwa hadi kituoni. Kwingineko watoto wengi hawakufika kituoni, au walifika wakakosa kukamilishiwa matibabu. Kwetu, mtoto wa kisiwa cha Chisenga au Kilwa anahitaji mtumbwi, mafuta ya injini na ziwa lililotulia. Kumwekea dawa bila kupanga wa kumvusha ni kutekeleza nusu ya ushahidi.

Kwa hiyo napendekeza karatasi moja katika kila faili la malaria kali, kwa miezi mitatu ya mvua: saa ya kufika, saa ya dozi ya kwanza, ya pili na ya tatu, joto kabla ya damu, na kama vidonge vya Koatemu vya siku tatu, vinavyofuata sindano, vilikamilishwa. Kwa watoto wa visiwani tuongeze saa walipopewa dawa kijijini, nani aliwavusha na kwa chombo gani. Daktari hahitajiki kuijaza, wala kompyuta. Naomba kikao cha mchana kianze kwa kuchora karatasi hiyo, na wenzetu wa zahanati za visiwani ndio wawe wa kwanza kusema.