Wali wa Viungo kwa Zabibu na Karanga

Leo tumekusudia kuzungumza nanyi habari za jikoni. Wala baba asiondoke kwa kudhani kwamba habari hizi ni za mama peke yake, maana ndani yake limo jambo moja lihusulo afya ya nyumba nzima, nalo tutalifikia mahali pake.

Chakula tunachokitaja ni wali wa viungo utiwao zabibu na karanga, nao hufaa sana wakati wa kipupwe, mpunga ukiisha kuvunwa na karanga zikiwa zimekwisha kung'olewa. Ni ndugu wa pilau ya pwani, lakini hauna nyama ndani yake. Huwekwa kando ya kuku wa kuchoma, au kando ya maharagwe kwa asiye na kuku.

Ulifikaje chakula cha namna hii katika nchi ya Kaliua? Ulikuja kwa miguu. Misafara iliyotoka Bagamoyo ikipita Unyanyembe kwenda Ujiji ilichukua nguo, shanga na waya, nayo iliporudi ilichukua pembe za ndovu. Lakini wasafiri walichukua na desturi zao za kula. Burton na Speke walipofika Kaze, mahali palipo katika Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuta Waarabu wamekaa huko kama wenyeji, wana nyumba kubwa na mashamba. Mpunga ulilimwa, na miembe ikapandwa, ambayo hata leo ni fahari ya Tabora. Kaliua iko magharibi ya Tabora, kupita Urambo, upande uelekeao Ujiji. Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, mizigo iliyokuwa ikichukuliwa vichwani ikapakiwa katika mabehewa, na mdalasini na karafuu za Unguja na Pemba zikawa kitu cha kununuliwa dukani.

Basi viungo ndivyo vitokavyo mbali. Mchele na karanga ni vya nyumbani. Na tukitaja karanga, wazee wa Urambo wana kisa chao. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga kwa mitambo huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Fedha nyingi sana zikatumika, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wanawake wa Unyamwezi, waliokuwa wakilima karanga kwa jembe la mkono kabla ya mitambo hiyo kuja, waliendelea kuzilima baada ya mitambo kuondoka.

Sasa twende jikoni. Kwa watu sita, twaeni vikombe vitatu vya mchele, vitunguu viwili vikubwa, punje chache za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi kilichopondwa, vijiko vitatu vya samli au mafuta, kijiti kimoja cha mdalasini, iliki tano, karafuu nne, kijiko kidogo cha bizari nyembamba, na chumvi. Zabibu kavu ziwe ujazo wa mkono mmoja, na karanga kikombe kimoja. Zabibu hulimwa Dodoma, katika njia hiyo hiyo ya reli; lakini zilizokaushwa zikiadimika dukani, embe lililokaushwa na kukatwa vipande vidogo hushika mahali pake vizuri. Mtu aweza kuuliza kama furu za porini zafaa. Sisi twaona hazifai, maana kokwa lake ni kubwa na nyama yake ni kidogo. Furu na aziache zilizwe njiani na watoto watokao shuleni.

Mchele ndio unaowashinda wapishi wengi wakati huu. Mchele wa mpunga uliovunwa juzi haunywi maji kama mchele uliokaa ghalani miezi mingi. Mpishi aliyezoea kutia vikombe viwili vya maji kwa kikombe kimoja cha mchele wa zamani, akifanya vivyo hivyo kwa mchele mpya, atapakua bokoboko. Kwa mchele mpya, kikombe kimoja na nusu cha maji kwa kila kikombe cha mchele chatosha, na kama bado mgumu, nyunyizeni maji ya moto kidogo kidogo.

Na sasa lile jambo tuliloahidi. Karanga zichaguliwe moja moja, mahali penye mwanga, kabla ya kukaangwa. Iliyoota ukungu, iliyosinyaa, iliyogeuka rangi, au iliyo chungu ulimini, itupwe. Ukungu huo huweza kuacha sumu iitwayo sumukuvu, ambayo huharibu ini, na kuila kidogo kidogo kwa miaka mingi huweza kuleta saratani ya ini. Moto wa jikoni hauiondoi, wala viungo haviiui. Huficha ladha ya karanga mbovu tu, na hapo ndipo penye hatari katika chakula kama hiki. Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi, na baadhi yao wakafa. Karanga mbovu msiwatupie kuku, maana nao hudhurika, zifukieni. Na baba, ambaye tulimwomba asiondoke, kazi yake ni hii: karanga ziking'olewa zianikwe upesi juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, hata zikauke kabisa na kusikika zikigonga ndani ya maganda, ndipo ziwekwe mahali pakavu penye hewa, magunia yakiinuliwa kutoka sakafuni. Mtu asiziuze nzuri zote na kuwaachia watoto wake zile zilizokataliwa na mnunuzi.

Karanga nzuri zikaangeni kavu, mziondoe maganda, mziweke kando. Osheni mchele, uloweke nusu saa. Katika sufuria kaangeni vitunguu kwa samli hata viwe rangi ya kahawia, bila haraka, maana rangi ya wali wote hutoka hapo. Tieni kitunguu saumu, tangawizi na viungo, koroga mpaka harufu itoke, kisha mchele uliochujwa maji, na mwisho maji ya moto na chumvi. Maji yakikaribia kukauka, tandazeni zabibu juu, funikeni, punguzeni moto chini na kupalia makaa juu ya kifuniko kwa muda wa dakika ishirini. Karanga zitiwe wakati wa kupakua, si kabla, maana zikikaa katika mvuke hulegea.

Wali uliobaki msiulaze sufuriani katika joto; utandazwe upoe upesi, uliwe kesho yake asubuhi ukiwa umepashwa moto sana, au usiwekwe kabisa. Ukoko wa chini, ulioshika samli na utamu wa zabibu, hubanduliwa kwa mwiko, na watoto hawangoji kuitwa.