Fomula Isomwapo kwa Sauti: Kiswahili na Programu za Kuonesha Hisabati katika Tovuti



Huenda baadhi yenu mmejiuliza mwanaisimu anatafuta nini katika programu za kuonesha hisabati kwenye tovuti. Anachotafuta ni sentensi. Fomula ina sarufi yake, ina utata wake, na ina msomaji; na mara nyingine msomaji huyo ni mashine imsomeayo mwanafunzi asiyeona.

Historia nitaipitia upesi. Donald Knuth alianza kuunda TeX mwaka 1977, baada ya kuchukizwa na sura ya kurasa za majaribio za kitabu chake. TeX ilikusudiwa karatasi. Tovuti zilipoenea, fomula nyingi zilibandikwa kama picha, na picha ni bubu: haitafutiki, haisomeki kwa sauti. Mwaka 1998 shirika la W3C liliidhinisha MathML, lugha ya kuandikia fomula ndani ya ukurasa wenyewe, lakini vivinjari vingi vilichelewa kuipokea. Chrome iliikubali mwaka 2013, ikaiondoa mwaka uohuo, ikairejesha mwaka 2023. Pengo hilo ndilo lililozibwa na MathJax, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 2010. Huchukua maandishi ya TeX au ya MathML na kuyachora ipasavyo katika kivinjari.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba MathML ina namna mbili za uandishi. Ya kwanza hueleza umbo: tarakimu 2 imewekwa juu kidogo, kuliani mwa a. Ya pili hueleza maana: a imepewa kipeo cha pili. Sisi tuliofundisha fonolojia na semantiki kwa miaka mingi hatuhitaji kuambiwa kwamba hayo si mamoja.

Tofauti hiyo hudhihirika fomula inapotamkwa. T. V. Raman, mtaalamu wa kompyuta asiyeona, aliwasilisha katika Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 1994 tasnifu kuhusu mfumo wa kusoma maandishi ya kisayansi kwa sauti. Leo MathJax nayo huweza kuipa fomula maneno, kwa kanuni zilizoandikwa lugha kwa lugha: Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihindi na nyinginezo.

Je, tukiziandika za Kiswahili? Shule za msingi za serikali nchini Tanzania hufundisha hisabati kwa Kiswahili, kwa hiyo swali hili si la anasa. Kutafsiri kanuni za Kiingereza neno kwa neno hakutoshi. Chukueni 2/3. Mwingereza hutaja kiasi kwanza, kisha asili. Sisi husema theluthi mbili, robo tatu: asili hutangulia. Mashine ikifuata mpangilio wa Kiingereza itamwambia mtoto "mbili theluthi", naye atacheka, au, vibaya zaidi, atanyamaza.

Tazameni pia kipeo na kipeuo. Kipeo cha pili cha tatu ni tisa. Kipeuo cha pili cha tisa ni tatu. Jozi hii naipenda mno, kwani umbo lake linafanana na funga na fungua: kwa macho yangu, ile u hutendua, kama kipeuo kitenduavyo kazi ya kipeo. Lakini kinacholipendeza jicho la mwanaisimu kinaweza kulitesa sikio. Irabu moja tu inatenganisha tatu na themanini na moja, na sauti ya mashine iendayo kasi huimeza irabu hiyo kwa urahisi.

Kisha kuna mipaka. "Kipeuo cha pili cha a jumlisha moja" ni tungo tata. Katika maandishi, mstari wa juu huonesha kama moja imo ndani ya kipeuo au iko nje. Sikio halioni mstari. Ama tuitamkishe mashine "mwisho wa kipeuo", ama tuweke kituo cha pumzi. Mimi naegemea maneno, kwa kuwa pumzi ya mashine haiaminiki. Wanafonetiki mlio hapa huenda mkanipinga.

Na 3a tuisome "tatu a" au "a tatu"? Nomino zetu hutangulia idadi, lakini kwenye maandishi tarakimu ndiyo itanguliayo. Hapo ningependa kuwasikia walimu wa hisabati kabla sijaendelea.