Ahadi za Baku na Barabara ya Handeni

Huko Sharm el-Sheikh, mwaka 2022, mataifa yaliuafiki mfuko wa hasara na uharibifu utokanao na mabadiliko ya tabianchi. Nami naona kwamba wanafunzi wa Handeni na Korogwe, ambao barabara iziunganishayo wilaya zao ilikatwa na mafuriko ya Oktoba 2019, wana haki ya kuujadili sawasawa na wajumbe wa mataifa. Katika mkutano wa tabianchi wa Baku, mwaka 2024, nchi tajiri ziliziahidi nchi zinazoendelea dola bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035: kiasi hafifu, kwa rai yangu, na muhula mrefu mno kwa mkulima wa mahindi aliyekwisha kupoteza msimu. Walimu, twawasihi, wapeni vijana fursa ya kuyahoji hayo, na hoja zao ziwafikie madiwani na wabunge.