Kupanda na Kutunza Mgomba Katika Kibanja
(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Bukoba na Muleba)



Huenda baadhi ya wasikilizaji wakashangaa kuona kwamba mkutano wa wakulima wa kahawa umetenga nafasi kwa ajili ya mgomba. Kahawa ndiyo iliyoleta ushirika katika Buhaya. Kwa ajili yake chama kikuu cha Bukoba kiliundwa mwaka 1950, na kwa ajili yake vyama vya msingi hufungua maghala yao kila msimu. Mgomba haupandi juu ya mizani ya chama, wala hauna ukurasa katika leja ya katibu. Hata hivyo, katibu aliyekaa katika kiti chake misimu mitatu au minne anajua kwamba kilo za kahawa zinazofika ghalani hutegemea sana hali ya chakula katika nyumba za wanachama.

Jambo lenyewe ni butura. Mkulima ambaye kibanja chake hakitoi tena mkungu kila juma hana budi kununua chakula, na fedha hana mpaka kahawa iive. Hapo hutokea mnunuzi wa kichochoroni, akamwuzisha kahawa ikingali maua au punje mbichi mtini, kwa bei ambayo mwuzaji mwenyewe huona haya kuitaja. Msimu ukifunguliwa, kahawa huchumwa na mwenye shamba lakini mali ni ya mwingine. Butura imekatazwa na kukemewa kwa miaka mingi, na makemeo hayo ni ya haki. Ila mtu mwenye watoto wenye njaa hasikilizi makemeo. Kwa sababu hiyo mazungumzo ya leo yameanzia kwenye shina la mgomba.

Kila mzaliwa wa nchi hii anajua tofauti ya kibanja, kikamba na rweya. Wageni hudhani kwamba kibanja kilikuwa na rutuba tangu mwanzo, na rweya ikawa kavu kwa bahati mbaya. Ukweli ni kinyume. Katika ukanda wa Ziwa, mahali penye mvua inayofika milimita 2,000 kwa mwaka, maji huosha udongo na kupeleka chini kila chenye kulisha mmea. Kibanja ni udongo uliotengenezwa kwa mikono ya vizazi vingi: nyasi za rweya zilitandikwa ndani ya nyumba, kisha zikapelekwa migombani, ng'ombe walichungwa rweya mchana, na usiku wakaacha samadi zizini. Rutuba ya eneo kubwa ilikuwa ikikusanywa katika eneo dogo. Sotoka ilipoua ng'ombe wa Buhaya katika miaka ya 1890, vibanja vingi vilidhoofika. Tangu hapo idadi ya watu imeongezeka, rweya imepungua, na kaya nyingi hazina hata ng'ombe mmoja.

Yafaa kuongeza neno kuhusu biashara ya ndizi. Mkungu unaoliwa nyumbani huacha maganda yake kwa mbuzi au shimoni, na majivu ya jikoni hurudi shambani pia. Mkungu unaopakiwa kwenda Mwanza au Dar es Salaam huondoka na chumvi za udongo, hasa potasi, ambayo mgomba huila kwa wingi kuliko mazao mengi. Kuuza ndizi hakuna ubaya wowote. Bali mwenye kuuza mikungu kumi bila kurudisha hata debe moja la samadi anauza kibanja chenyewe, kidogo kidogo.

Sasa kuhusu upandaji. Shimo lichimbwe mapema, mwezi mmoja au zaidi kabla ya mvua. Kwa kuwa mvua za vuli huanza Septemba, shimo la Julai au Agosti ndilo linalofaa. Upana uwe sentimita 60 kwa 60, na kina vivyo hivyo. Kwenye udongo mgumu liwe kubwa zaidi. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande wa pili, maana wa juu ndio utakaochanganywa na madebe mawili ya samadi iliyooza na kurudishwa shimoni. Umbali wa mita 3 kati ya shina na shina unatosha pale ambapo migomba iko peke yake. Penye kahawa upana uongezwe, kwani mizizi ya mimea yote miwili hukaa karibu na uso wa ardhi na kugombania chakula hicho hicho.

Chipukizi linalofaa ni lile lenye majani membamba kama upanga na tunguu nene. Lenye majani mapana likiwa bado dogo huvutia macho, ila tunguu lake ni jembamba na halina akiba ya kutosha. Kosa linaloonekana mara nyingi ni kung'oa chipukizi kwa jirani na kulipanda siku hiyo hiyo na udongo wake wote. Fukusi wa migomba ni mdudu wa usiku, hutembea polepole kwa miguu, na kuruka ni nadra kwake. Angeachwa asafiri mwenyewe, angechukua muda mrefu sana kukifikia kibanja kipya. Mkulima ndiye anayembeba ndani ya tunguu pamoja na mayai na funza wake. Kwa hiyo tunguu limenywe kwa kisu mpaka libaki jeupe, mizizi yote na alama zote nyeusi ziondolewe, na maganda yasiachwe shambani. Baada ya hapo litumbukizwe katika maji yanayochemka kwa sekunde 30 tu, likatolewa na kupoa. Maji hayo huua minyoo midogo ya mizizi na mayai yaliyosalia. Ajuza mmoja akiambiwa habari hii huweza kusema kwamba mche umepikwa. Hapana, sekunde 30 haziivishi kitu chenye unene wa namna hiyo, mradi mwenye kuhesabu asisimame kuzungumza na mpita njia.

Mgomba ukishapandwa, kazi ya kwanza ni kuyazuia machipukizi yasizidi. Shina moja liwe na mama, mtoto na mjukuu. Mengine yaondolewe yakiwa madogo. Wanachama wengi huona uchungu kukata chipukizi zuri, na matokeo yake ni shina lenye vichwa saba na mikungu isiyotosha sufuria. Majani makavu yaondolewe, na mgomba uliokwisha kuvunwa ukatwe chini kabisa, kisha upasuliwe vipande vikauke, kwa sababu kisiki kibichi ni nyumba ya fukusi. Mkulima anaweza kumtega mdudu huyo kwa gogo hilo hilo: kipande cha urefu wa mkono kikipasuliwa kati na kulazwa kifudifudi karibu na shina, fukusi hukusanyika chini yake, baada ya siku tatu kifunuliwe alfajiri, wakusanywe na kuuawa.

Matandazo ni jambo la lazima. Hayo ndiyo yanayohifadhi unyevu, kuzuia magugu na kuliepusha jembe, ambalo hukata mizizi ya mgomba na mbuni kwa pigo moja. Lakini yasisogezwe mpaka kwenye shina. Yaachwe umbali wa nusu mita au zaidi kidogo, kwani penye giza na unyevu karibu na tunguu ndipo fukusi hutaga.

Hayo yote yalijulikana kwa wazee, isipokuwa labda maji ya moto. Lile ambalo wazee hawakulijua ni mnyauko wa bakteria, ambao watu wengi wa Kagera huuita unyanjano. Maradhi haya yalijulikana kwanza Ethiopia katika miaka ya 1960. Mwaka 2001 yalitokea Uganda, na mwaka 2006 yakathibitishwa nchini Tanzania, katika Wilaya ya Muleba. Kuna vibanja vilivyokuwa vikilisha nyumba tangu enzi za mababu, vikabaki uwanja mtupu katika muda wa mwaka mmoja au miwili. Mzigo huo uliwaangukia watu ambao walikuwa wamekwisha kupungukiwa na nguvu kazi, maana tangu UKIMWI ulipogunduliwa Kagera mwaka 1983 vibanja vingi vilikwisha kubaki mikononi mwa wajane, wazee na watoto.

Dalili zake zijulikane vizuri. Majani hugeuka rangi ya manjano na kulegea kama yaliyopitiwa na moto, hata yale machanga. Ua dume hunyauka na kukauka. Ndizi huiva kabla ya wakati, moja hapa na moja pale katika chane moja, na zikikatwa ndani huonekana rangi ya kahawia. Shina likikatwa, baada ya dakika chache hutoa usaha wa manjano. Usaha huo ndio shahidi mkuu, kwani ugonjwa wa Panama pia hunyausha migomba lakini hautoi usaha wala hauozeshi ndizi. Tena Panama hushambulia Kisubi na jamii zake, na huiacha migomba ya kienyeji ya kupika kama Nshakara na Enchoncho. Unyanjano hauchagui.

Dawa ya kuuponya mgomba ulioambukizwa haipo, na mwenye kuuza chupa yenye ahadi hiyo afikishwe kwa afisa ugani. Njia za kuuzuia zipo, na zote ni za gharama ndogo. Ya kwanza ni kuondoa ua dume. Nyuki na wadudu wengine hutua juu ya maua hayo wakitafuta utamu, na bakteria huingia kupitia kovu bichi linalobaki pale ua au ganda lake linapodondoka. Mara tu chane ya mwisho inapotokea, ua dume livunjwe kwa kijiti chenye panda. Lisikatwe kwa kisu, kwa kuwa kisu kilichogusa mgomba mgonjwa hupeleka maradhi kwa kila mgomba kinaougusa baadaye.

Hapo ndipo ilipo njia ya pili. Panga, kisu na jembe vichomwe motoni mpaka viwe vya moto usioshikika, au vioshwe kwa dawa ya jiki, kipimo kimoja kwa vipimo vitano vya maji, kila vinapotoka shina moja kwenda lingine penye ugonjwa. Vibarua wanaokata majani au kuvuna kwa watu mbalimbali ndio wa kuangaliwa zaidi. Ni vyema kila kibanja kiwe na panga lake lisilotoka na lisiloazimwa, ingawa katika vijiji vyetu kumnyima jirani panga ni jambo zito.

Njia ya tatu ni kuondoa mgomba mgonjwa. Zamani mkulima aliamriwa kung'oa shina zima na kufukia kila kitu, kazi ambayo mjane peke yake hawezi kuimaliza, hivyo wengi waliuficha ugonjwa. Utafiti wa baadaye umeonyesha kwamba bakteria hawafiki katika machipukizi yote ya shina. Kwa hiyo mgomba wenye dalili ukatwe usawa wa ardhi upesi, mwingine ukionyesha dalili ukatwe nao, huku vifaa vikisafishwa kila mara. Katika miezi kadhaa ugonjwa hupungua sana. Kazi hii hufaulu pale ambapo majirani wote wanaifanya. Kibanja kimoja kilichoachwa hurudisha maradhi katika vibanja kumi.

Kuna wanaouliza kuhusu aina mpya. Kati ya mwisho wa miaka ya 1990 na mwanzo wa miaka ya 2000 aina kama FHIA 17, FHIA 23 na Yangambi Km5 ziligawiwa kwa wingi mkoani. Zimeokoa nyumba nyingi mahali ambapo udongo umechoka na fukusi wamezidi, na mkungu wa FHIA ni mzigo wa mtu mzima. Ladha yake ikipikwa haifikii Nshakara, na hakuna haja ya kumdanganya mama wa nyumba katika jambo ambalo ulimi wake unalijua. Bora zipandwe pembeni kwa kuuza na kuivisha, na ndizi za kupika zibaki karibu na nyumba. Nazo pia hupatwa na unyanjano, kwa hiyo ua dume lake livunjwe vilevile.

Yapo machache yanayowahusu makatibu. Mwaka 1937 wakulima wa Buhaya walizikataa sheria za kahawa za serikali ya kikoloni, na hilo latosha kuonyesha jinsi amri ya shambani isiyoelezwa inavyopokewa hapa. Chama kionyeshe kwanza. Vijiti vyenye panda vikatwe na kusimamishwa mlangoni pa ghala siku ya kupima kahawa, kila mwanachama aondoke na chake. Jiki ikinunuliwa na chama kwa jumla na kugawiwa kwa chupa ndogo, gharama haitamlemea mtu. Halmashauri ya chama ichague siku moja kila mwezi, watu wapite pamoja katika vibanja vya kitongoji kimoja kutazama dalili, wakianza na vya wajane na wazee na kuwafanyia kazi papo hapo. Machipukizi yasipokewe kutoka kijiji chenye ugonjwa hata kwa zawadi ya harusi. Mwenye kuhitaji mbegu safi aandikishe jina kwa katibu kabla ya mwisho wa Juni, ili maombi ya chama kizima yapelekwe pamoja kituo cha utafiti cha Maruku, na mashimo yawe tayari mvua za Septemba zitakapoanza.