Jina la Mgonjwa Si Mali ya Mradi

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)



Miaka ya nyuma niliandaa ukurasa wa mradi wa yatima kwa ajili ya tovuti. Niliweka picha ya binti wa darasa la sita, jina lake, kijiji chake, na sentensi moja kwamba wazazi wake walifariki kwa UKIMWI na yeye anatumia dawa. Nia ilikuwa njema, na fedha zilipatikana. Binti alipofika sekondari, wenzake waliandika jina lake kwenye simu wakayasoma yote. Aliacha shule. Bibi yake alikuja ofisini akaniuliza swali moja tu: "Mwanangu, nani alikuruhusu?" Tuliifuta picha siku hiyo hiyo, lakini wengine walikwisha kuihifadhi.

Wakati ule hatukuwa na sheria mahususi ya taarifa binafsi, ingawa Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kuweka wazi kwamba majibu ya kipimo ni siri. Sasa ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Habari za afya na za watoto ni taarifa nyeti. Zinahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe, au ya mzazi au mlezi kwa mtoto, na aliyeridhia anaweza kubadili mawazo. Kuna mambo machache yaliyoachwa nje ya sharti hilo, kama matibabu yenyewe. Tovuti yetu haimo.

Wengi mnadhani haya ni ya ofisi ya dayosisi. Hapana. Ni nani hutangaza Jumapili kwamba mama fulani amelazwa, na ugonjwa wake ukatajwa? Ni nani hupiga picha kitabu cha MTUHA pale zahanati na kuituma kwenye kundi la WhatsApp ili mhasibu ahesabu wagonjwa? Mhasibu anahitaji idadi. Majina ya nini? Na madaftari ya zamani, jamani, tumeyaona yakifungia maandazi.

Kwenu wafadhili nasema kwa upendo. Ninyi wa Ulaya mna kanuni yenu kali tangu tarehe 25 Mei 2018. Mtoto mgonjwa wa kwenu hamwezi kumtangaza hivi. Basi mkituomba "hadithi yenye sura na jina", mjue mnatuomba tumfanyie wa kwetu msichomfanyia wa kwenu. Tutawapa hesabu kamili, risiti, na simulizi zisizomtambulisha mtu. Ikipunguza michango, tutaongea.

Usajili wa dayosisi kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni kazi ya ofisi yangu. Kazi yenu ni fomu za ridhaa zilizopo pale mezani. Asiyejua kusoma asomewe yote, polepole, na aambiwe kwamba akikataa picha hatanyimwa dawa wala ada. Hilo lisemwe kabla hajashika kalamu.

Binti yule tulimhamishia shule nyingine. Ameomba nisiwaambie ipi.