Chumba Cheupe cha Kuogea

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya chumba cha kuogea. Najua wengine mmekwisha anza kucheka. Juma lililopita mzee mmoja wa darasa letu aliniuliza, "Mwalimu, bafu ni mahali pa kuogea tu. Mtu huingia, hujimwagia maji, hutoka. Kulipamba ni kazi gani?" Swali lake ni zuri, nami nitalijibu. Lakini kwanza kila mmoja ajiulize: mama yako, mkeo au binti yako huoga wapi, na huoga saa ngapi?

Katika nyumba nyingi jibu ni hili: huoga nyuma ya ua wa mabua, jua likisha kuchwa, ili asionekane na wapita njia. Na gizani ndimo watembeamo nyoka na nge. Wengine huenda kuoga mtoni. Lakini mto Grumeti una mamba wakubwa, na katika maji yaliyotulia huishi konokono waletao ugonjwa wa kichocho. Basi habari ya bafu si mchezo.

Sasa tuwatazame watu wa mbali kidogo. Kaskazini ya Ulaya ziko nchi za Uswidi, Norwe, Denmark na Ufini. Watu wa nchi hizo si wageni kwetu. Mwaka 1963 walishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha elimu kule Kibaha, na mwaka 1970 wakakikabidhi kwa serikali yetu. Tena Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vilivyoanza mwaka 1975, vilifuata mfano wa shule za watu wazima za Uswidi. Kimoja kiko Tarime.

Watu hao wana namna yao ya kutengeneza nyumba, ambayo siku hizi hupendwa katika nchi nyingi. Kuta ni nyeupe. Mbao huachwa na rangi yake ya asili. Vitu ni vichache, na kila kitu kina kazi yake. Kwa nini wakachagua hivyo? Kwa sababu nchi yao ina giza wakati wa baridi. Katika mji wa Kiruna, kaskazini ya Uswidi, jua halichomozi kabisa kwa muda wa majuma matatu hivi, mwezi wa Desemba. Mtu aliye gizani hupenda ukuta mweupe, maana ukuta mweupe huurudisha mwanga mdogo uliopo.

Pengine mtasema, "Sisi jua tunalo tele, hata linatuchoma." Kweli. Lakini ingia ndani ya bafu lako saa nane mchana. Je, waweza kumwona nge aliye pembeni? Humo ndani nasi tuna Desemba yetu.

Kulikuwako mwalimu mmoja wa Uswidi, jina lake Ellen Key, ambaye kwa miaka mingi aliwafundisha wafanya kazi watu wazima katika mji wa Stockholm, kama sisi tunavyosoma hapa. Mwaka 1899 alitoa kitabu alichokiita "Uzuri kwa Wote". Fikira yake ilikuwa kwamba uzuri si mali ya matajiri peke yao, na kwamba kitu kikiifaa kazi yake, na kikiwa safi na rahisi, kimekwisha kuwa kizuri. Hilo ndilo jibu langu kwa mzee wetu. Sisemi mtundike mapazia bafuni.

Wafini nao wana chumba chao cha kuogea kwa mvuke, kiitwacho sauna. Hujengwa kwa mbao. Ndani mna jiko lenye mawe ya moto, na maji humwagwa juu ya mawe hayo. Mwaka 2020 shirika la UNESCO liliitia desturi hiyo katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika kwa mkono. Nitawaambia jambo moja lililonishangaza. Zamani wanawake wa Kifini walijifungulia humo, kwa kuwa sauna ndiyo iliyokuwa mahali safi kuliko pote katika boma. Kwetu sisi, ni nani angethubutu kumpeleka mzazi bafuni?

Haya, tuingie kazini. Tuanze na kuta.

Ukuta wa matofali mabichi au wa miti na udongo waweza kupakwa chokaa. Nunueni chokaa ya unga, iliyokwisha zimwa. Msinunue chokaa mbichi ya mawe, maana ikitiwa maji huchemka kwa nguvu na kurusha matone, nayo huunguza. Tieni chokaa katika ndoo ya maji, mkoroge mpaka iwe nzito kama maziwa mabichi, kisha mwiache ilale usiku mmoja. Asubuhi ichujeni kwa kitambaa. Nyunyizieni ukuta maji kwanza. Ukuta mkavu hunyonya maji ya chokaa upesi, na unga hubaki juu na kupukutika. Pakeni mara tatu, kila mara nyembamba, na kati ya mara na mara mwache siku moja. Mara ya kwanza mtaona kama hamkufanya kitu. Msivunjike moyo; weupe huja ukutani unapokauka. Angalieni macho yenu. Chokaa ikiingia jichoni, oshe jicho kwa maji mengi mara moja, kisha nenda zahanati.

Mahali ambapo maji huruka kila siku, yaani toka chini mpaka kifuani, chokaa peke yake haitoshi. Hapo pigeni lipu ya saruji.

Sakafu nitaieleza kwa kisa changu mwenyewe, ingawa hakinipi sifa. Nilipojenga bafu langu la kwanza nilitaka sakafu ing'ae kama ya ofisi. Nilimwambia fundi ailainishe kwa saruji kavu, akailainisha, nami nikajivuna. Mwezi haukupita, mama yangu alikuja kututembelea. Aliingia kuoga, akateleza, akavunjika mkono. Tangu siku ile hakuna aliyeniambia neno, wala mama mwenyewe hakulaumu. Lakini kila nikimwona akifunga kanga kwa mkono mmoja, najua. Basi ninyi mwambieni fundi apitishe ufagio mgumu juu ya saruji ingali mbichi, iwe na mikwaruzo. Na mteremko usisahauliwe: kila urefu wa meta moja, sakafu ishuke sentimeta mbili kuelekea tundu la maji.

Watu wa kaskazini huweka juu ya sakafu ya bafu chaga za mbao, kama chaga za kitanda, zilizopigiliwa pamoja. Mtu husimama juu yake, maji hupita chini. Fundi wa kijijini huzitengeneza kwa nusu siku. Mvule hustahimili maji lakini bei yake ni kubwa. Mkaratusi utafaa, mradi chaga ziinuliwe kila siku na kuanikwa juani. Zikiachwa chini zitaoza. Msizipake mafuta machafu ya gari, kama nilivyoona nyumba moja. Mafuta hayo yana sumu, na watoto hukanyaga humo kwa miguu mitupu.

Dirisha liwe juu kuliko kichwa cha mtu mrefu. Hivyo mwanga na hewa huingia, lakini jicho la mtu haliingii. Kama paa ni la mabati, kipande kimoja kiwe cha plastiki ipitishayo mwanga. Ndani wekeni vigingi vitatu vya nguo na ubao mmoja wa sabuni. Basi. Ndoo zilizotoboka, majembe na magunia yatafutiwe mahali pengine.

Maji yaliyotumika yasitapakae uani, maana mbu huzaliana katika maji machafu. Yaongozeni kwa mfereji mpaka kwenye migomba, au chimbeni shimo na kulijaza mawe. Shimo liwe mbali na kisima, meta 30 au zaidi.

Kwa nje, akina mama mnaijua kazi hii kunishinda. Nyumba nyingi za Uswidi zina rangi nyekundu, nayo hutokana na udongo wa machimbo ya shaba ya Falun. Machimbo yalifungwa mwaka 1992, lakini rangi ingali ikitengenezwa. Hupikwa kwa maji, unga wa nafaka, udongo ule na mafuta ya kitani. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka, maana ni uji wa udongo! Nasi tunao udongo mwekundu, tunao na mweupe, na mikono ya kupaka tunayo. Ila rangi yetu isiyotiwa mafuta huoshwa na mvua, kwa hiyo paa lichomoze mbele ya ukuta, na kila baada ya masika mpake tena.

Kama fedha ni chache, anzeni na sakafu na dirisha. Chokaa yaweza kungoja mavuno. Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika kando ya redio katika kampeni ya "Mtu ni Afya", watu karibu milioni mbili nchi nzima, na baada ya masomo wakashika majembe wakachimba vyoo. Hawakungoja wawe na kila kitu.

Kazi ya juma hili: pimeni chumba chenu cha kuogea, au mahali mtakapokijenga. Andikeni katika daftari urefu, upana na kimo. Kisha andikeni sentensi tatu zinazoeleza maji yake huenda wapi. Mwalimu wenu atazisahihisha siku ya Jumatano, na mimi nitarudi kuzungumza nanyi juu ya mlango na komeo lake.