Tuna Mabati, Tukinge Maji

Hotuba ya kikundi cha kina mama wa bustani za jikoni, siku ya harambee



Mliokulia tambarare za Same mnakijua kiangazi chetu. Kule milimani kuna migomba na mifereji. Huku chini mboga hununuliwa, na asiye na fedha hula ugali kwa chumvi. Ndiyo maana tuliomba mafunzo ya bustani za jikoni.

Tulifundishwa bustani ya gunia. Udongo unachanganywa na samadi iliyooza, katikati inasimamishwa nguzo ya mawe madogo ili maji yafike hadi chini, kisha ubavuni tunatoboa matundu ya kupandia mchicha, sukuma wiki na mnavu. Gunia halitaki shamba, linakaa nyuma ya jiko. Wadudu tunawafukuza kwa majivu na maji ya majani ya mwarobaini. Watoto wakala mboga, ziada tukauza, na fedha ya daftari na sabuni ikapatikana bila kumwomba mtu.

Lakini hatukuja kujisifu. Kiangazi kilipokaza, magunia mengi yalikauka. Mwenzetu mmoja aliuliza kikaoni, "Ndoo yenyewe ni hii moja. Nimwogeshe mtoto au nimwagilie mchicha?" Hakuna aliyemjibu. Tulijifunza kupanda, hatukujiuliza maji yatatoka wapi. Kosa hilo tunalikubali.

Wazee wetu wa Upare walijenga ndiva. Maji yalikusanywa usiku, asubuhi yakafunguliwa kwa zamu, na ukarabati ukafanywa kwa msaragambo. Sisi hatuna kijito karibu, ila mabati tunayo. Paa la mita za mraba 30 likinyeshewa mvua ya milimita 10 hupokea lita 300. Tangi la lita 2,000 likijaa, mama akitumia ndoo moja ya lita 20 kwa siku kwenye magunia yake manne, litamfikisha siku 100. Halimalizi kiangazi chote, lakini linamvusha sehemu kubwa, na maji ya kuoshea mboga yataongezea.

Kwa hiyo harambee ya mwaka huu ni ya matangi na mifereji ya kukingia maji ya paa. Mawe na mchanga wa misingi tutabeba wenyewe, kwa msaragambo. Kila atakayepata tangi atachangia kidogo kidogo kila mwezi kwenye mfuko wa kikundi, ili tangi linalofuata liende kwa jirani yake. Tunaanza na wajane na wenye watoto wadogo.

Tunaomba matangi yafungwe kabla ya vuli, maana mvua haingoji vikao vyetu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Safari hii, ndugu zetu, tujaze tangi.